Miguu Yangu na Nilichokiacha Gaya

Chumba cha nyuma nyumbani kwetu kilijengwa kuwekea majani ya nyati wetu wa maziwa, na komeo lake liko upande wa nje, maana majani hayana haja ya kufungua mlango. Mimi nimekaa humo tangu mpunga ulipovunwa mpaka baridi ilipokatika. Sikufungiwa na adui. Nilifungiwa na mwanangu wa kumzaa, na nilipoingia niliingia kwa miguu yangu mwenyewe, ingawa miguu yenyewe wakati huo ilikwisha kuacha kuniarifu ilipo.

Kijijini wameshaisimulia habari hii, kila mmoja kwa ulimi wake. Sunaina jirani yangu anaisimulia akinipa machozi ambayo sikulia. Basi naiandika mwenyewe. Kusoma nilijifunza kwa kuchungulia vitabu vya mwanangu alipokuwa mdogo. Herufi zangu ni kubwa na zimepinda, lakini ni zangu.

Jina langu Kapileshwari. Tangu niolewe hakuna aliyeliita. Kwetu mke huitwa kwa kijiji alikotoka, basi mimi nikawa Wa Jarhatia, na nimezeeka nikiwa Wa Jarhatia, na huko Jarhatia hakuna tena anayenikumbuka. Mume wangu, Umanath, alikuwa mtu wa maneno machache na mtindi mwingi. Asubuhi bakuli la pepeta na mtindi, mchana samaki wa bwawani, na hapo hana ugomvi na mtu. Mimi nilikuwa na ugomvi na wengi. Lakini mtindi wangu ulikuwa unasimama, ukiinamisha chungu haumwagiki. Kwenye harusi za watu wengine wageni walikuwa wakiuliza, "Huu umegandishwa na nani?" Wakiambiwa ni Wa Jarhatia, wanaongeza bakuli.

Na vikapu. Nyasi za manjano za kando ya bwawa, shazia, ile sindano nene ya kushonea ukili, na vidole hivi, basi. Hakuna bibi harusi wa mtaa wetu aliyekwenda kwa mumewe bila jamanda nililolishona mimi. Watu walikuwa wakisema nyasi zinaniogopa.

Umanath alipofariki, samaki nilimwacha siku ile ile. Mjane wa nyumba yetu hali samaki, hilo halina mjadala. Nilibaki na maziwa. Maziwa ya moto yenye utando juu, mtindi, samli ya kumwagia wali. Nikasema Mungu hakufunga milango yote.

Mwaka uliofuata mwanangu Mahakant alinipeleka Gaya, mji mtakatifu wa kuwaombea wafu, tukamtolee baba yake vitonge vya wali ili roho yake itulie. Tulikwenda na Sunaina, naye mjane. Mwenye kwenda Gaya huacha huko chakula kimoja, na akishakiacha hakirudii mpaka kufa. Kuhani alipomuuliza Sunaina anaacha nini, alijibu mbio kama aliyelala na jibu mdomoni.

"Karela."

Nikamgeukia. "Karela? Lile tango chungu? We hujala karela tangu utotoni!"

"Ndiyo maana sitateseka."

"Unamdanganya marehemu?"

"Marehemu alikuwa mume wangu, shoga. Amezoea."

Kuhani akacheka. Mimi sikucheka. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Maziwa, na kila kitokacho kwenye maziwa."

Kuhani akaacha kucheka. "Bibi, taja tunda. Taja boga. Wengi wanataja boga."

"Mume wangu hakuwa mtu wa boga."

Mahakant akanivuta ncha ya sari. "Mama, fikiri kwanza."

"Kufikiri ni kwa anayetafuta bei," nikamwambia, na maji yakamiminwa mkononi mwangu, ikawa imekwisha.

Nilirudi nyumbani nikaendelea kugandisha mtindi wa wengine. Niliujua kwa harufu, kidole sikulamba hata mara moja. Chakula changu kikawa wali, dengu, mboga za uani, chapati kavu. Watu waliniheshimu. Miaka ikapita, na hata walioniheshimu wakasahau kwa nini. Ikawa tu mazoea ya nyumba: kikombe cha maziwa kikizunguka, kinanipita.

Sisimizi walianza miguuni. Nilikuwa nimekaa nashona, nikahisi wanatambaa nyayoni, nikajipangusa, hakuna kitu. Wakaenda, wakarudi. Baadaye wakaja na ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, ila mimi sikuwa nimeukalia. Halafu vidole vya mikono. Asubuhi naamka mikono yote imekufa, naipigapiga kwenye kitanda mpaka irudi. Nilikuwa naifanya kazi hiyo kimya, kabla mkwe wangu Bibha, mke wa Mahakant, hajaamka. Mtu mzima hatangazi mikono yake.

Lakini shazia ilinitangaza. Siku moja Bibha aliingia na sahani ya wali akasimama mlangoni.

"Mama, damu!"

Nikatazama. Shazia ilikuwa imeingia kwenye ncha ya kidole changu, imetokea upande wa pili, na mimi naendelea kushona. Nyasi za manjano zilikuwa na madoadoa mekundu mpaka ukingoni.

"Ni rangi," nikasema.

"Rangi inadondoka, Mama?"

Kuanzia hapo kila mtu akawa na chanzo chake. Sunaina alisema ni upepo ulioingia mifupani kwa sababu naoga maji ya kisima alfajiri. Shemeji yangu akasema ni damu iliyolala, nipigwe mafuta ya haradali yenye vitunguu saumu. Mke wa kuhani alisema ni jicho, kuna mtu aliyatazama majamanda yangu vibaya. Nilipigwa mafuta mpaka nikanuka kama kachumbari. Sisimizi hawakujali.

Mahakant akanipeleka sokoni kwa bwana mmoja anayetoa vidonge kwenye kibanda chenye pazia. Nilijifunika uso kama ilivyo adabu, nikakaa, naye bwana yule akazungumza na mwanangu kana kwamba mimi ni gunia aliloleta.

"Ana kisukari?"

"Hana," akasema Mahakant. Wakanitoboa kidole kuhakikisha. Kweli hakikuwepo. Nilikitazama kidole kikitobolewa nikiwa sisikii chochote, nikanyamaza.

"Chakula je? Wazee wengi hawali vizuri. Maziwa anapata?"

Mahakant akacheka kwa majivuno. "Bwana, nyati wawili uani! Nyumba yetu mtindi haukauki. Mama yangu ndiye mgandishaji wa kijiji kizima."

"Basi chakula si tatizo," akasema bwana yule, akatupa vidonge vya njano na kusema ni uchovu wa uzee.

Mimi nilikuwa hapo chini ya sari. Nilisikia kila neno. Mwanangu hakusema uongo, nyati walikuwepo na mtindi ulikuwepo. Wala haikunijia kwamba pana jambo la kusahihisha. Nilichokiacha Gaya kilikuwa baina yangu na Umanath, na sijaona mtu akipelekea sokoni mambo ya mumewe.

Vidonge viliisha. Viungo vya vidole vyangu vikaanza kuwa vyeusi, kama nimeshika masizi yasiyosugulika. Kisha siku moja nilikuwa nageuza chapati, nikasikia harufu ya nyama inaungua. Katika nyumba ya mjane! Nikapaza sauti, "Nani kaleta nyama jikoni kwangu?"

Bibha alikuja mbio, akapiga ukelele, akaninyang'anya mkono kutoka kwenye chuma cha chapati. Nyama ilikuwa mimi.

Hapo ndipo neno lilipozaliwa. Hakuna aliyelitamka mbele yangu, lakini nililiona likitembea kutoka jicho hadi jicho. Mikono isiyosikia moto. Ngozi iliyobadilika rangi. Kwetu mtu akisikia hayo mawili hahitaji la tatu. Ukoma.

Nao ndio mwezi ule ule ambao watu wa kijiji cha Sakhwar walikuwa wametuma ujumbe kumtaka Nutan, binti wa Mahakant, kwa kijana wao mwalimu.

Jioni yake Mahakant alikuja akakaa chini mbele yangu, jambo ambalo halifanyi ila ana la kuomba. Bibha alisimama nyuma ya nguzo.

"Mama," akasema, "ile nyumba ya Sakhwar ni ya watu wanaouliza maswali."

"Waulize. Tuna nini cha kuficha?"

Akatazama mikono yangu. Nikaiingiza ndani ya sari.

"Sema neno lenyewe, Mahakant. Nimekuzaa, sitazimia."

Hakulisema. Akasema, "Ikijulikana kwamba katika nyumba hii... Nutan hataolewa na hao wala wengine. Ni kwa muda tu, Mama. Mpaka harusi ipite. Chumba cha nyuma nitakisafisha mwenyewe."

"Na hospitali?"

"Wanaokwenda kule wanaonekana wakiingia. Karani wao ni mtu wa Sakhwar. Harusi ipite, nakuapia, nitakupeleka popote."

Nilitazama komeo la chumba kile kutoka nilipokaa. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kwenda kwa Sunaina. Lakini mimi si mtu wa kuombwa mara mbili kitu na mwanangu, wala si mtu wa kuvunja harusi ya mjukuu kwa ajili ya vidole. Nikainuka, nikachukua nyasi zangu na shazia, nikaingia. Bibha akaniletea sahani mpya ya bati na kikombe kipya cha bati. Sahani yangu ya shaba, niliyokuja nayo toka Jarhatia, ilibaki jikoni. Nilielewa. Haikutakiwa kugusana na nyingine.

Chumba hakikuwa na dirisha, kilikuwa na tundu la hewa la ukubwa wa chapati. Mchana nilipata kipande cha mwanga, kikatambaa ukutani, kikatoka. Mwanzoni komeo lilifungwa wageni wanapokuja tu. Halafu likawa linafungwa asubuhi, asije mtoto wa jirani akachungulia. Halafu likawa linafungwa. Chakula kilisukumwa kwa mkono ulionyooshwa sana. Nutan peke yake ndiye aliyekuwa akiingia kabisa, mama yake akimkemea.

"Bibi, jamanda langu limefika wapi?"

"Kwenye kifuniko."

"Limepinda."

"Litakaa. Wewe pia ulizaliwa umepinda."

Alicheka, akalia, akaitwa, akatoka. Nikasikia komeo.

Giza lilinifundisha kitu kipya. Kwenye mwanga nilikuwa nasimama vizuri. Mwanga ukiondoka, nikisimama nayumba, kama sakafu ni pamba na hakuna aliyeniambia miguu yangu imeiweka wapi. Nilianguka mara kadhaa. Nikawa natembea nimeshika ukuta, kutoka kona hadi kona, kwa sababu niliogopa nikikaa tu, miguu itasahau kabisa. Ulimi ukaanza kuniwaka, wali mtupu ukawa kama pilipili. Nilijua kwamba ninapungua kutoka nje kwenda ndani, vidole, nyayo, vifundo, sasa magoti. Na harusi ilikuwa bado kupangwa tarehe. Hesabu hiyo haikuhitaji kusoma: harusi ingefika mimi nimeshakuwa kitu cha kubebwa. Nilitaka kutoka nikiwa bado natembea. Sikutaka kingine.

Sunaina alikuja upande wa tundu siku moja, akaweka mdomo pale.

"We Wa Jarhatia! Umekufa?"

"Bado. Umeleta maua?"

"Wanasema una homa ya kuambukiza. Nikasema huyo? Homa yenyewe itaambukizwa kiburi." Akashusha sauti. "Shoga, ni ule ugonjwa?"

"Sijui."

Nadhani hajawahi kunisikia nikitamka neno hilo. Alisogea karibu zaidi na tundu. Kisha akasema mjini Darbhanga kuna daktari mwanamke, Shagufta, aliyemtibu dada yake mishipa. "Ila ni Mwislamu, na anauliza mambo yote, hata ya chooni. Wewe hutaweza. Wewe hata karela huliwezi."

"Karela naliweza. Wewe ndiye uliyeliacha."

Watu wa Sakhwar wakaja kumwona binti. Komeo lilifungwa tangu alfajiri. Nilisikia viti vinaburutwa, nikasikia Bibha anasema kwa ile sauti ya wageni, nikasikia mabakuli yanapangwa. Mtindi wa siku ile aligandisha Bibha. Nilinusa tu nikajua ni mwepesi.

Baba wa kijana alikuwa na sauti nene. "Bwana Mahakant, mama yako yuko wapi? Mimi nilikula mtindi wake kwenye harusi ya binamu yangu, nikasema nikija huku nitauliza huo kwanza, binti baadaye."

Wakacheka. Mwanangu naye akacheka, nikasikia kicheko kinatafuta pa kusimama.

"Mama amekwenda Kashi," akasema. "Kuhiji. Atakaa kule mpaka baridi iishe."

"Ah! Mwenye bahati."

Na mimi niko hapo, nyuma ya ukuta wa udongo, sahani ya bati mbele yangu. Nilikuwa nimesimama. Ningeugonga ule mlango mara moja tu, Kashi ingeporomoka, na Nutan naye. Nilichukua ncha ya sari nikaijaza mdomoni. Hivyo ndivyo nilivyohiji. Nilibaki nimesimama mpaka wakaondoka, na mwanga ulipotoka kwenye tundu nikaanguka juu ya jamanda.

Mahakant alipofungua alikuwa na furaha, tarehe imepatikana. Nilimwambia akae chini. Akakaa.

"Umenipeleka Kashi bila kunipeleka," nikasema. "Sasa utanipeleka kweli. Si Kashi, Darbhanga. Kwa yule daktari mwanamke. Kesho."

"Mama, harusi iko karibu, mtu akituona..."

"Mtu akituona, nimo njiani nakwenda Kashi. Si umeshawatangazia? Uongo wako una nafasi ya watu wawili."

"Na nisipokupeleka?"

"Harusini nitatoka humu, nitakwenda katikati ya uwanja, nitawapakulia mtindi kwa mikono hii. Unanijua."

Ananijua. Alfajiri tulikuwa tumeshaondoka, mimi nimefunikwa blanketi kama hujaji.

Daktari Shagufta alikuwa mwembamba, mwenye miwani, na kitu cha kwanza alichofanya ni kunishika mikono. Yote miwili, mitupu. Miezi mingi hakuna aliyenigusa hivyo. Nilitaka kuivuta kwa sababu ya dini yake na yangu, na sikuivuta.

"Yalianza lini haya, bibi?"

Mahakant akajibu, "Miaka miwili hivi, daktari. Mama ni mtu wa..."

"Nimemuuliza mama."

"Mama hana mazoea ya kusema mbele ya..."

"Basi wewe ndiye unayemzuia. Kaa nje, kaka. Kuna benchi na kuna feni."

Mwanangu akanitazama. Nikatazama dari. Akatoka. Daktari akafunga mlango, kwa ndani.

"Sasa," akasema, "tuanze upya. Funga macho."

Akanipitishia pamba, akaniuliza iko wapi. Mikononi nilikisia. Miguuni nilikisia vibaya. Akagonga chuma fulani kikalia, akakiweka kwenye kidole gumba cha mguu. "Kinatetemeka?" Hakikutetemeka. Akakiweka kwenye paji la uso, nikaruka. Akanisimamisha nimefumba macho, na kabla sijaanguka alikuwa ameshanidaka. Akatazama ulimi. Akakagua mgongo wangu wote, mabega, mapaja, anatafuta.

"Unatafuta ule ugonjwa," nikasema.

"Natafuta. Ukoma huacha mabaka yaliyopauka yasiyosikia, na mishipa huvimba kama kamba, hapa kwenye kiwiko. Wewe huna baka, wala mshipa uliovimba. Na hata ungekuwa nao, bibi, ungepata dawa, ungepona, na hakuna anayestahili kufungiwa kwa ajili yake." Sikuwa nimemwambia nimefungiwa. "Shingo inauma? Inashuka mkononi?"

"Hapana."

"Maji mnakunywa ya kisima gani? Visima vingine vina sumu ndani."

"Kile kile wanachokunywa wote, na wote wanacheza dansi."

"Pombe?"

"We binti!"

"Nauliza kila mtu. Jana nilimuuliza kadhi." Akacheka, nami nikacheka, sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. "Haya. Unakula nini? Usiniambie nyumba inakula nini. Wewe. Jana. Kilichoingia mdomoni."

"Wali. Dengu. Mchicha."

"Samaki?"

"Mimi mjane."

"Mayai? Hapana. Maziwa?"

Nikatazama kalamu yake. Alingoja. Nje feni ililia. Nilifikiri juu ya Umanath na maji yaliyomiminwa mkononi mwangu, na kwamba huyu si wa dini yetu, ataona ni upumbavu. Lakini nilikuwa nimetoka kwenye chumba chenye komeo nje. Kitakachonirudisha humo ni kunyamaza.

"Nyumba ina nyati wawili," nikasema. "Mimi sijagusa maziwa tangu Gaya. Wala mtindi, wala samli."

"Gaya ni lini?"

"Nutan alikuwa anaanza shule. Sasa anaolewa."

Akaweka kalamu chini. Hakucheka wala hakunikemea. "Bibi," akasema, "kuna kitu kidogo sana ambacho mishipa ya fahamu inakila. Kwenye mboga hakimo, kwenye dengu hakimo. Kimo kwenye samaki, nyama, mayai na maziwa. Mwili unacho cha akiba, unakula akiba miaka na miaka, mtu hajui. Halafu ghala linakuwa tupu. Nadhani ndicho kilichokupata. Damu itatuambia."

Damu ilimwambia. Mahakant aliitwa ndani akaelezwa. Nilimwona anarudi kichwani mwake mpaka kibanda cha sokoni, mpaka nyati wawili na kicheko kile.

"Mimi ndiye niliyejibu," akasema. "Niliulizwa, nikajibu mimi."

Hakuna aliyembishia.

Daktari akaniambia, "Anza maziwa leo."

"Siwezi."

"Mama!" akasema Mahakant.

"Nimemwachia baba yako. Nikiyanywa, yeye atakaa wapi?"

Nilidhani daktari atagomba. Akafungua kabati akatoa kichupa chenye maji mekundu, mekundu kama juisi ya komamanga. "Haya basi. Hii ni kile kitu chenyewe, kwa sindano. Haikutoka kwa nyati, wala ng'ombe, wala samaki. Inatengenezwa kiwandani. Gaya ulitaja kiwanda?"

"Sikukitaja."

"Basi lete mkono. Lakini utachomwa wiki hizi mfululizo, halafu kila mwezi, mpaka mwisho. Ukiruka, inarudi. Na nisikudanganye: mikono naitumainia. Miguu imengoja sana. Itakayorudi itarudi, nyingine haitarudi."

Nikatoa mkono. Sindano niliisikia, kidogo, mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya pili.

Nyumbani sahani ya shaba ilirudishwa mbele yangu siku ile ile. Bibha aliileta kwa mikono miwili, amefunika uso, analia. Nikamwambia chapati zimepoa. Chumba cha nyuma walikijaza majani tena, na hadi leo nikipita pale mguu unajivuta wenyewe, nao ni mguu usiosikia kitu.

Harusi ilipofika vidole vilikuwa vimeanza kunirudia, vinauma, na maumivu hayo niliyapenda. Mtindi niligandisha mimi. Watu wa Sakhwar walikaa safu, nami nikapita na chungu, mkono mmoja ukutani. Yule bwana wa sauti nene akala, akafumba macho, akaongeza bakuli. Kisha akaniuliza, kwa heshima, lile swali ambalo kila mtu huulizwa akirudi kutoka huko, maana Kashi nako huachwa kitu kama Gaya.

"Bibi, tumesikia ulikuwa Kashi. Umeacha nini?"

Safu nzima ikanigeukia. Sunaina nyuma ya nguzo akajiziba mdomo. Mahakant alisimama na ndoo ya maji, rangi imemtoka. Alilichimba shimo mwenyewe, na sasa nimesimama ukingoni na chungu cha mtindi.

"Nimeacha," nikasema, "kusemewa na mwanangu."

Wakacheka kwa nguvu, wakidhani ni utani wa kizee, na yule bwana akasema hilo ni kubwa kuliko boga. Mahakant hakucheka. Aliweka ndoo chini, akaja kusimama ubavuni kwangu bila kufungua mdomo. Mwanga ulikuwa unaondoka uwanjani, taa hazijawashwa, na sakafu ilikuwa inaanza kuwa pamba. Nikamshika bega, tukaendelea na safu, yeye anabeba chungu, mimi napakua.